Probiotiki wakati wa kemo ya saratani ya utumbo: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza Mombasa

Mjomba wangu alipoanza kemo ya saratani ya utumbo mpana, wageni waliokuja kumjulia hali nyumbani Kibokoni walileta madafu, asali na habasoda, na mmoja wao, aliyekuwa ametoka safari, akaleta chupa ya vidonge vya probiotiki iliyoandikwa kwamba hulinda tumbo na kuongeza kinga. Chupa ile ilikaa juu ya kabati siku 9 kabla ya yeyote kati yetu kumtajia daktari, na katika siku hizo kila aliyeingia alikuwa na rai yake: mpeni, msimpe, mpeni na maziwa mabivu juu yake. Mwongozo huu nimewaandikia walio katika siku kama hizo, mgonjwa mwenyewe na anayemuuguza, ili wajue la kufanya kwanza, la kufuata, na mahali pa kusimama. Haushiki nafasi ya daktari wa saratani anayemtibu mgonjwa wenu. Kazi yake ni kuwafikisha mbele ya daktari huyo mkiwa na maswali yanayofaa.

Probiotiki ni nini, na zinaingiaje kwenye kemo

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa faida ya kiafya anayevitumia. Maana hiyo iliwekwa mwaka 2001 na wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani, na uzito wake wote umo katika neno "hai": kidonge ambacho vijidudu vyake vimekufa kwa joto si probiotiki tena, hata kama chupa ni mpya na bei ilikuwa kali. Zinazotumika sana ni bakteria wa jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium. Ipo pia moja maarufu, Saccharomyces boulardii, ambayo si bakteria bali ni hamira, ndugu ya ile tunayotilia mahamri, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa wa kemo, kama nitakavyoeleza.

Kemo hushambulia chembe zinazogawanyika kwa haraka. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini utando wa ndani wa utumbo nao hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo nao huumia: mdomo hutoka vidonda, tumbo husokota na mgonjwa huharisha. Dawa ya irinotekani ina njia yake ya pekee ya kuudhuru utumbo. Ini huifunga sumu ya dawa hiyo ili itoke kwa usalama pamoja na nyongo, lakini ikifika kwenye utumbo mpana, baadhi ya bakteria wanaoishi humo wana kimeng'enya kinachoifungua tena, na sumu iliyokuwa imetulia huanza kuuchoma utumbo kwa ndani. Hapo ndipo watafiti walipojiuliza kama kubadilisha idadi na aina ya bakteria wa utumbo kungepunguza kuharisha.

Majibu yaliyopatikana yanatia moyo kwa kiasi, na ni vyema kuyajua kama yalivyo. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa 150 wa saratani ya utumbo mpana na ya puru waliokuwa wakipewa fluorourasili, dawa ya kemo. Waliotumia bakteria anayeitwa Lactobacillus rhamnosus GG walipata kuharisha kukali kwa asilimia 22, na wasiotumia kwa asilimia 37. Tena dozi zao za kemo hazikulazimika kupunguzwa mara nyingi kwa sababu ya tumbo. Nchini Slovakia, mwaka 2015, wagonjwa 46 waliokuwa wakipewa irinotekani waligawanywa makundi mawili; katika kundi la probiotiki hakuna aliyeharisha vikali, na katika kundi la pili waliharisha vikali 4 kati ya 23, ila idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno hata tofauti hiyo ikaweza kuwa ya bahati tu. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaozikusanya na kuzipima tafiti za tiba, yalipozikusanya tafiti za namna hii yalisema wazi kwamba ushahidi bado ni dhaifu.

Kwa hiyo ninaloweza kusema kwa uaminifu ni hili: kwa baadhi ya wagonjwa, probiotiki inaweza kupunguza kuharisha, na mgonjwa asiyeharisha sana hula, hupata nguvu na humaliza dozi zake kwa wakati. Hakuna ushahidi kwamba probiotiki huua saratani ya umio, ya tumbo, ya kongosho wala ya utumbo. Atakayewaambia muache kemo mshike chupa, hata awe ni jamaa wa karibu mnayemheshimu, msimfuate.

Hatua ya kwanza: andikeni dawa zote anazopewa mgonjwa

Chukueni daftari moja, lisiwe la kazi nyingine, na mumwombe muuguzi wa kitengo cha kemo awaandikie majina ya dawa, siku zinazotolewa, na kama zinapitia mshipa wa mkono au kifaa kilichopachikwa chini ya ngozi ya kifua. Familia nyingi hujua kwamba mgonjwa "anatundikiwa dripu" na basi, ilhali ushauri kuhusu probiotiki hubadilika kulingana na dawa. Mjomba alikuwa akipewa oksaliplatini kwa dripu kila baada ya wiki 3, na vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Mwingine aweza kuwa kwenye fluorourasili ya kutiririshwa polepole kwa saa 46, au irinotekani, au sisplatini.

Andikeni pia dawa zisizo za saratani: za sukari, za presha, antibiotiki, steroidi, dawa za fangasi, na za asili. Habasoda, mwarobaini na vikombe vya mitishamba viandikwe bila haya. Kama mgonjwa anapewa dawa za kuamsha kinga, mfano wa pembrolizumab au nivolumab, mweke alama kubwa pembeni, kwa sababu utafiti wa mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi uliona kwamba waliokula nyuzinyuzi za kutosha bila kutumia vidonge vya probiotiki ndio walioendelea vizuri zaidi. Saratani ile si hii, lakini jambo hilo latosha kumfanya mtu asianze kwa kukisia.

Hatua ya pili: pelekeni chupa yenyewe kwa daktari

Msimwelezee daktari kwa mdomo kwamba "kuna vidonge vya tumbo". Pelekeni chupa au pakiti yenyewe asome maandishi. Sisi tulipoipeleka ile ya juu ya kabati, daktari aliigeuza, akasoma nyuma kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: ndani yake mlikuwa na asidi ya foliki, aina ya vitamini. Asidi ya foliki huzidisha ukali wa kapesitabini na fluorourasili, kwa hiyo kile kilicholetwa kwa mapenzi ili kumpunguzia mjomba kuharisha kingeweza kumzidishia. Mgeni yule hakukosea nia, na hatukumwambia neno. Lakini tangu siku hiyo hakuna kilichoingia mdomoni mwa mjomba kabla ya maandishi yake kusomwa.

Mkiwa mbele ya daktari, ulizeni kama mgonjwa wenu yumo miongoni mwa wasiofaa kupewa vijidudu hai. Kwa mtu mwenye afya, bakteria hawa hawana madhara ya maana. Kwa mtu ambaye kinga yake imeanguka na utando wa utumbo wake umechanika, wanaweza kuvuka na kuingia kwenye damu. Imetokea, ingawa si mara nyingi. Wa kuogopewa zaidi ni hamira ya Saccharomyces boulardii: mwaka 2017 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilipendekeza isitumiwe kabisa kwa wagonjwa mahututi na kwa wale ambao kinga yao imedhoofika, na ikaonya kwamba unga wake, pakiti ikifunguliwa karibu na mgonjwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, unaweza kubebwa na mikono au hewa ukaingia kwenye mpira huo. Mgonjwa wa kemo mwenye kifaa cha kifuani asipewe hamira hii wala isifunguliwe kando yake, na bakteria wa aina nyingine asipewe ila kwa kauli ya daktari wake.

Wengine wa kuzuiwa ni mwenye valvu ya moyo ya bandia, aliye katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambaye utumbo wake umeziba au umetoboka, na mwenye uvimbe mkali wa kongosho. Kuhusu huyu wa mwisho kuna funzo chungu kutoka Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2008: wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho waliopewa mchanganyiko wa probiotiki walifariki asilimia 16, na waliopewa dawa tupu isiyo na vijidudu asilimia 6. Familia za wagonjwa wa saratani ya kongosho nawasihi wausome tena mstari huo.

Hatua ya tatu: subirini kipimo cha damu

Kabla ya kila duru ya kemo mgonjwa hupimwa damu. Katika karatasi ya majibu tafuteni mstari wa nyutrofili, yaani zile chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwanzo dhidi ya bakteria. Tafuteni idadi yao kamili, si asilimia, kwa kuwa zote mbili huandikwa na ni rahisi kuzichanganya. Kwa mtu mzima mwenye afya idadi hiyo kwa kawaida huwa 2.0 au zaidi, kwa kipimo cha bilioni kwa lita; ikishuka chini ya 0.5, mgonjwa yuko hatarini sana. Daktari wetu alituwekea mpaka wa 1.0: ikiwa chini ya hapo, probiotiki isianzwe, na kama imeanzwa isimame mpaka ipande. Daktari wenu aweza kuweka mpaka mwingine, nanyi fuateni wake.

Jueni pia kwamba kipimo cha siku ya kemo hakisemi kitakachotokea baadaye. Dawa nyingi huzishusha nyutrofili kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, siku ambazo mgonjwa yuko nyumbani, hana sindano wala muuguzi, na watu humwona amepata nafuu. Tulizizungushia siku hizo kalamu nyekundu katika kalenda ya ukutani, ile ya duka la vitambaa, na ndani ya duara hilo hatukumpa kitu kipya, hatukukaribisha wageni wenye mafua, na kipimajoto kilikaa kando ya mto wake.

Hatua ya nne: chagueni bidhaa kwa maandishi yake

Daktari akikubali, nunueni katika duka la dawa lenye mfamasia, mkiwa na mgonjwa au na daftari lake. Katika pakiti tafuteni jina kamili lenye sehemu tatu, mfano Lactobacillus rhamnosus GG, kwa sababu sehemu ile ya mwisho ndiyo inayotambulisha bakteria aliyefanyiwa utafiti. Ndugu zake wa jina moja si lazima wafanye kazi ileile. Bidhaa iliyoandikwa "bakteria rafiki" bila kuwataja haifai kwa mgonjwa wa kemo. Tafuteni idadi ya vijidudu, inayoandikwa kwa herufi CFU. Katika utafiti wa Finland ilikuwa bilioni 10 hadi 20 kwa siku, na ni bora idadi hiyo iwe imeahidiwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, si ya siku ya kutengenezwa pekee. Kataeni mchanganyiko wenye vitamini, asidi ya foliki au mitishamba ndani yake. Pakiti yenye aina moja au mbili zinazojulikana ni salama kuifuatilia kuliko yenye aina kumi na kitu, maana jambo likiharibika mtajua ni lipi la kuachwa.

Hatua ya tano: vilindeni vidonge na joto la pwani

Hapa ndipo probiotiki nyingi hufia Mombasa, na kwa kweli ndipo tulipopoteza pakiti yetu ya kwanza. Maandishi ya pakiti ile yalisema ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari saa nane mchana, chumba cha ghorofani mtaani kwetu hupita nyuzi 30 hata dirisha likiwa wazi na feni inazunguka. Isitoshe kuna unyevu wa bahari, ambao ni adui mbaya zaidi ya joto kwa sababu vijidudu vilivyokaushwa vikionja maji huamka, na visipopata chakula hufa. Tulipofungua pakiti tukavikuta vidonge vimeshikana na ganda lake limelainika kama tende.

Basi wekeni vidonge kwenye friji, katika rafu ya katikati wala si mlangoni, ndani ya pakiti yake ya asili, na pakiti hiyo muiweke ndani ya mkebe unaofunga vizuri. Msivihamishie kwenye kichupa kingine na msitoe vya wiki nzima mkavipanga mezani. Stima ikikatika, msifungue friji ovyo. Saa chache hazina neno. Mkitoka Likoni au Changamwe kwenda hospitalini, dozi ya siku ifungwe kwa kitambaa ndani ya kikapu chenye barafu, isigusane na barafu yenyewe. Msiiache kamwe kwenye gari huku mkisubiri feri, kwa maana dashibodi ya gari lililosimama juani ni tanuri. Wasio na friji wamwombe mfamasia bidhaa inayostahimili joto la chumba, wasome kiwango chake, na wanunue kidogokidogo.

Hatua ya sita: kuanza, na namna ya kumeza

Msianze probiotiki katika juma lile lile ambalo mgonjwa ameanza dawa nyingine mpya. Siku tatu nne za mwanzo tumbo laweza kujaa gesi na kunguruma, na hilo hupungua lenyewe. Mkiwa mmeanza mambo mawili kwa pamoja hamtajua lipi limeleta nini. Osheni mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika vidonge. Mgonjwa asiyeweza kumeza, kama wengi wa wenye saratani ya umio, aweza kufunguliwa kidonge kikatiwa katika chakula laini kama mfamasia ameruhusu. Chakula hicho kiwe vuguvugu: uji uliotoka jikoni huua kila kilicho hai ndani ya sekunde chache, kwa hiyo tieni tone kwenye kifundo cha mkono kama mnavyopima maziwa ya mtoto, na likichoma, ngojeni.

Kwa anayetumia oksaliplatini kuna jambo jingine, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilitutisha. Siku moja baada ya dripu ya pili nilimpa mjomba bilauri ya maziwa mabivu kutoka kwenye friji, nikidhani baridi itamburudisha. Alipopiga funda la kwanza alishika koo kwa mikono miwili, akawa anavuta pumzi kama mtu aliyesakamwa na mfupa wa samaki, na vidole vilivyoshika bilauri vilikuwa vikimchoma kama sindano. Ilipita baada ya dakika chache. Oksaliplatini huifanya mishipa ya fahamu ishtushwe na baridi kwa siku kadhaa baada ya kila dripu, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwa maneno tunayoyaelewa. Tangu hapo kila kitokacho kwenye friji, maziwa, maji, hata kidonge chenyewe, kilitolewa nusu saa kabla na kuachwa kipate joto la chumba, na mjomba hakufungua friji kwa mkono wake.

Kapesitabini humezwa ndani ya dakika 30 baada ya chakula, asubuhi na jioni, na ratiba hiyo isisukumwe kwa ajili ya probiotiki. Mgonjwa akiandikiwa antibiotiki, kwanza ulizeni kama probiotiki iendelee. Ikiendelea, ziachanishwe kwa saa 2 au zaidi, la sivyo antibiotiki itawaua bakteria mliowanunua.

Kuhusu maziwa mabivu, vibibi na mnazi

Swali la kila nyumba ni kama vyakula vyetu vilivyochachuka vyatosha. Maziwa mabivu na yogati vina bakteria hai ikiwa havikupashwa moto baada ya kuganda, lakini aina na idadi yao haijulikani, kwa hiyo tuvihesabu kuwa chakula kizuri, si dozi. Vina faida nyingine: kemo ya fluorourasili yaweza kupunguza uwezo wa utumbo kusaga sukari ya maziwa, na mgonjwa aliyekunywa chai ya maziwa maisha yake yote akaanza kuharisha baada ya kila kikombe. Maziwa yaliyoganda yana sukari hiyo kidogo. Jaribuni siku tatu za chai ya rangi mkaandike katika daftari kilichobadilika.

Maziwa ya kugandisha yawe yamechemshwa au yametoka kiwandani yakiwa yametibiwa kwa joto. Yale ya kibuyu, yaliyokamuliwa na kuachwa yagande bila kuchemshwa, yaweza kubeba vijidudu vya maradhi ya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na mgonjwa wa kemo asiyaguse, hata kama babu zetu waliyanywa. Kugandisha nyumbani kwa kutumia mabaki ya jana nako tuliacha katika siku za duara jekundu, tukanunua ya pakiti ndogo inayokwisha mara moja.

Vibibi na mkate wa kumimina huumuliwa kwa hamira, ila hupikwa, na moto hauachi kitu hai. Ni vyakula laini vinavyofaa kwa mdomo wenye vidonda, kwa sababu hiyo tu. Achari ya maembe imejaa pilipili, chumvi na siki, haina kazi hapa na huchoma. Mnazi una vijidudu hai kweli, lakini una pombe, umegemwa na kubebwa katika hali isiyojulikana, na si wa mgonjwa huyu. Madafu yanafaa sana kwa anayeharisha kwa ajili ya potasiamu yake, mradi dafu lioshwe nje, lipasuliwe mbele yenu kwa kisu safi na linywewe papo hapo. Mwenye matatizo ya figo aulize kwanza.

Hatua ya saba: daftari la choo

Kabla ya duru kuanza, andikeni mgonjwa huenda haja mara ngapi kwa siku katika hali yake ya kawaida. Bila namba hiyo, daktari atakayewauliza kwa simu hataweza kupima chochote. Kila siku andikeni idadi, kama ni maji au uji, kama kuna damu, joto la mwili asubuhi na jioni, na alichokunywa. Mjomba hakupenda kuulizwa mambo ya choo na mpwa wake. Tukakubaliana aweke alama kwa penseli nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa kila safari, nami niisome kila usiku bila mazungumzo. Mwenye choo cha mfuko tumboni ahesabu mara anazoumwaga na uzito wa kilichomo.

Nyongeza ya chini ya mara 4 kwa siku juu ya kawaida yake ni kuharisha kwepesi. Nyongeza ya mara 4 hadi 6 yataka simu kwa kitengo cha kemo siku hiyohiyo, kabla ya kumeza kidonge kinachofuata cha kapesitabini. Mara 7 au zaidi ni kwenda hospitalini. Dawa ya kuzuia kuharisha ni loperamidi kama alivyoandika daktari, kwa kawaida vidonge 2 vya miligramu 2 kwanza, kisha kimoja baada ya kila choo cha maji, bila kupita kikomo alichowapa. Probiotiki haishiki nafasi yake. Loperamidi isianzwe nyumbani kama kuna homa au damu kwenye choo. Maji yanayopotea yarudishwe kwa ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ya pakiti, na ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Maji ya mkokoteni na ya kisima, hata yakionekana meupe, yachemshwe.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, zungumzeni mapema na daktari na sheikh wenu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na anayeharisha kwenye kapesitabini aweza kukaukiwa na maji kabla ya adhuhuri. Mjomba alilia siku ya kwanza ya mfungo; imamu wa msikiti wetu alikuja kuketi naye, akamsomea, kisha akamshikia kikombe anywe.

Hatua ya nane: kusimamisha

Joto la mwili likifika nyuzi 38, hata kama mgonjwa asema yuko sawa, probiotiki isimame na mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane au feri ina foleni. Msimpe panado mkangoja kukuche, kwa sababu itashusha namba kwenye kipimajoto huku maambukizi yakiendelea. Vivyo hivyo kwa baridi ya kutetemeka, tumbo lililovimba na kukaza, kutapika kusikokoma, au choo chenye damu.

Bebeni daftari na pakiti ya probiotiki. Daktari wa zamu atawapokea bila kumjua mgonjwa wenu, na atachukua damu ioteshwe maabara kutafuta kijidudu. Mwambieni kwa sauti kwamba mgonjwa amekuwa akimeza bakteria hai, na mumwonyeshe jina, kwa sababu maabara isiyoambiwa yaweza kumwona Lactobacillus ikamdhania ni uchafu wa sindano ikampuuza.

Asipougua homa, probiotiki huendelea kwa muda alioweka daktari. Ya mjomba ilianza duru ya tatu, ikasimamishwa siku 5 nyutrofili ziliposhuka hadi 0.8, ikarudishwa, na ikaachwa kabisa wiki 3 baada ya duru ya nane, vidonge 11 vikiwa vimebaki kwenye mkebe. Nilivirudisha kwa mfamasia.